Kijiji Kilichosimama Wima

Nazungumza juu ya jambo ambalo wengi wenu mmelala nalo na kuamka nalo tangu utoto: kijiji cha mlimani, hapa kwetu, katika miteremko ya Meru.

Mjini Arusha tumezoea kukitaja kijiji cha mlimani kama mahali pa kupumzikia. Mgeni hupelekwa juu akaonyeshwa migomba, mbega wenye mikia mirefu myeupe na maporomoko ya maji. Hukaangiwa kahawa mbele ya macho yake, hupiga picha, kisha hurudishwa hotelini. Hata sisi ambao babu zetu wamezikwa kule juu hupanda sikukuu ya Krismasi, tukachinja, tukasifu hewa nzuri na ubichi wa mashamba, na siku ya tatu tukashuka. Ubichi huo tunauona kana kwamba umejiotea wenyewe.

Mimi nasema ubichi ule ni kazi ya watu, na ni kazi yenye mwelekeo mmoja. Kijiji cha Meru kimesimama wima. Kinaishi kwa vitu vinavyopanda na kushuka: maji, majani ya ng'ombe, samadi, mikungu ya ndizi, watoto wa shule, akina mama wa sokoni. Kwa zaidi ya miaka 120, kila mara mwenye nguvu alipochora mstari wa kulala katikati ya mteremko, kijiji kilipungukiwa. Mistari hiyo haijaisha kuchorwa. Ya siku hizi tunaichora wenyewe, kwa mikono yetu na kwa fedha zetu, na ndiyo sababu nimekubali kusimama hapa.

Nianze na mlima. Meru una urefu wa mita 4,562 kutoka usawa wa bahari, na hapa Tanzania unazidiwa na Kilimanjaro peke yake. Ni volkano ambayo haijafa. Ililipuka kidogo mara ya mwisho mwaka 1910. Maelfu ya miaka iliyopita ubavu wake wa mashariki uliporomoka, ukamwaga tope na mawe kuelekea Momella na Ngare Nanyuki. Ndiyo maana ukisimama upande ule unaona mlima ulio wazi, wenye ukuta wa mwamba unaopanda zaidi ya mita 1,000 kutoka sakafu ya kreta, na chini yake vilima vidogo vidogo visivyohesabika na maziwa yaliyotulia katikati yake. Upande wa kusini haukuanguka. Huko mteremko ni mrefu na udongo ni mzito, na mvua inayotoka Bahari ya Hindi hukutana na mlima uso kwa uso. Ukizunguka ukafika kaskazini, Oldonyo Sambu na kuendelea, mvua imekwishatuliwa upande wa pili. Pale mbuzi na ng'ombe hupata maisha kuliko mgomba.

Mvua hiyo ya kusini huingia msituni, hunyonywa na ardhi, kisha hutoka chini kama chemchemi. Hesabuni mito mnayoivuka kwa gari kutoka katikati ya mji hadi Usa: Naura, Themi, Kijenge, Nduruma, Tengeru, Malala, Makumira, Usa yenyewe. Wengi huivuka bila kugeuza shingo. Kila mmoja umechimba korongo lake kutoka juu hadi chini, na kati ya korongo na korongo pamebaki mgongo wa ardhi, mahali pengine mpana, mahali pengine mwembamba kiasi kwamba mtu akiita upande huu anaitikiwa upande wa pili. Kijiji cha Mmeru na cha Mwarusha kimekaa juu ya migongo hiyo. Ni kirefu na chembamba. Jirani yako wa kweli ni aliye juu yako na aliye chini yako, kwa sababu ndiye mnayeshirikiana naye njia na maji. Wa mgongo wa pili unaona moshi wa jiko lake kila asubuhi, lakini kumfikia ni safari ya kushuka korongoni na kupanda tena, na wakati wa masika si safari ya mzaha.

Chukueni njia inayoanzia Tengeru. Soko la Tengeru lina siku zake mbili kubwa, Jumatano na Jumamosi, na siku hizo utawaona akina mama wakishuka tangu alfajiri, wengine kwa miguu na mikungu kichwani, wengine kwa bodaboda zilizofungwa ndizi kushoto na kulia. Panda ukiwapa mgongo. Unapita nyumba za matofali na maduka ya vifaa vya ujenzi, kisha kahawa na migomba vinaanza kubanana. Unafika Nkoaranga, penye kanisa na hospitali ya Walutheri; wamisionari wa Leipzig walijenga kituo chao hapo mwaka 1902. Unaendelea hadi vijiji vya juu kama Mulala, hewa inabadilika, na mwezi wa Julai ukungu hukaa juu ya mapaa mpaka saa nne asubuhi na watoto huenda shule wamevaa masweta mawili. Kisha shamba linakatika ghafla. Mbele yako ni msitu wa serikali, na mpaka umenyooka.

Kati ya barabara ya lami na mpaka huo wa msitu ndipo maisha yote yamebanwa. Kwa mguu wa mtu mwenye nguvu ni mwendo wa asubuhi moja.

Tuingie ndani ya kihamba, yaani shamba la nyumbani. Mgeni huona vurugu ya majani. Mwenye kihamba anaona orofa. Juu kabisa ipo miti ya kivuli, mringaringa na mgrevilia, na siku hizi mparachichi. Chini yake migomba: mshare wa kupika, kisukari wa kula mbivu, mzuzu wa kuchoma. Chini ya migomba kahawa, na chini ya kahawa magimbi na maharage. Mpakani yamepandwa masale, ambayo mtu mwenye adabu hayang'oi hata kama anagombana na ndugu yake. Nyumbani, ndani ya banda, wamo ng'ombe wawili au watatu wa maziwa wasiotoka kwenda popote. Hapo ndipo mwelekeo wa wima unapoonekana, maana kihamba hakitoshi kuwalisha. Familia nyingi zina, au zilikuwa na, shamba la pili kule tambarare la mahindi na maharage. Mahindi yakishavunwa, mabua hupakiwa kwenye gari dogo yakapandishwa nyumbani. Ng'ombe hula mabua, samadi huenda kwenye migomba, na mgomba hutoa ndizi zinazoshuka sokoni, wakati maganda na magogo yake hurudi kwa ng'ombe. Kwa hiyo rutuba ya kule juu, ile tunayoisifu siku ya Krismasi, sehemu yake kubwa imebebwa kutoka tambarare mwaka baada ya mwaka, na aliyeibeba mara nyingi ni mwanamke. Kata shamba la chini, na mgomba wa juu utadhoofika. Hautadhoofika mwaka huo huo, lakini utadhoofika.

Hapa niseme neno juu ya kahawa, maana bila kahawa hatuwezi kueleza nyumba hizi za bati na watoto hawa waliosoma. Kahawa ilikuja na wamisionari na walowezi, na wakulima wa Meru wakaishika kwa mikono miwili. Ilijenga makanisa na shule, ikalipa karo za watu ambao leo ni maprofesa na majaji. Lakini kahawa ilikuwa mali ya baba. Mikahawa ilikuwa yake, kitabu cha chama cha ushirika kilikuwa na jina lake, na malipo yalipotoka ndiye aliyeyapokea. Mwaka 1989 mkataba wa kimataifa uliokuwa ukiweka viwango vya mauzo ya kahawa ulivunjika, bei ikaanguka, na katika miaka iliyofuata wengi wakaing'oa au wakaiacha izeeke. Mengi yameandikwa juu ya hasara hiyo. Lisilosemwa sana ni kwamba fedha ya nyumbani ilihama mkono. Ndizi na maziwa, ambavyo kwa desturi vilikuwa vya mama, vikawa ndivyo vinavyonunua sukari, daftari na dawa. Mama anayeshuka Tengeru Jumatano na mikungu miwili anabeba bajeti ya nyumba. Hata hivyo ardhi anayoilimia, katika familia nyingi mno, bado inarithishwa kwa wana wa kiume peke yao, ingawa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa. Naliona jambo hili kuwa dhuluma, na nalisema hivyo mbele ya wazee wangu kwa heshima yote.

Maji sasa. Mfereji wa asili hukingwa juu, mto ukiwa bado mwembamba, kisha huongozwa ubavuni mwa mgongo kwa mwinamo mdogo mno. Ukizidisha mwinamo, maji yanakula udongo na kubomoa ukingo; ukiupunguza, yanatuama na kujaa tope. Waliochimba mifereji hii hawakuwa na vipimo vya kioo. Walipima kwa maji yenyewe: unachimba kipande, unayaachia maji yakufuate, unatazama yanavyotembea, unasahihisha. Na mfereji ukishachimbwa haujamalizika. Kila mwaka kabla ya msimu watu huitwa msaragambo, kazi ya pamoja, kuuzibua. Asiyefika hutozwa faini, na asiyelipa faini hukosa zamu ya maji. Kuna wazee wa mfereji wanaogawa zamu, na ugomvi wa usiku kati ya mtu wa juu anayefungulia maji kwa siri na mtu wa chini anayeamka kukuta mfereji mkavu ni wa zamani kama mfereji wenyewe. Lakini tazameni kilichomo ndani ya ugomvi huo: mtu wa juu na mtu wa chini wanalazimika kufahamiana kwa jina. Hawawezi kuishi kama wageni. Utaratibu huu wa kijamii, kwa maoni yangu, ni kazi kubwa kuliko jengo lolote tulilojenga mjini, na hauna kibao wala mnara.

Sasa niwaeleze mistari ya kulala ilianza vipi.

Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri. Wajerumani wakajibu kwa vita vya adhabu chini ya Kapteni Johannes. Watu wakauawa, mifugo ikatekwa, migomba ikakatwa. Miaka michache baadaye boma lilijengwa Arusha, lile lile ambalo leo ni makumbusho. Kisha ardhi ikagawiwa. Walowezi wa Kijerumani walikuja, na kuanzia miaka ya 1904 hadi 1906 wakaja Makaburu kutoka Afrika Kusini. Mashamba yao yalizunguka mlima kwa chini, mahali penye maji yaliyokwisha kushuka na ardhi iliyo tambarare. Wakati huo huo juu ulipigwa mpaka wa msitu wa hifadhi. Waarusha na Wameru wakajikuta katikati, wamebanwa baina ya mistari miwili, msitu kichwani na mashamba ya walowezi miguuni. Wanahistoria wanauita mduara ule pete ya chuma. Ng'ombe waliokuwa wakishuka tambarare kula majani na kulamba magadi walikuta waya. Kijana aliyekuwa ashuke kufungua shamba jipya alikuta waya. Kwa hiyo ule msongamano wa kihamba ambao mgeni anausifu kuwa ni hekima ya kilimo, na kweli ni hekima, ulisukumwa pia na uonevu. Watu walipangilia mimea kwa orofa kwa sababu walinyimwa upana.

Mlango mmoja ulibaki wazi, upande wa kaskazini-mashariki: Ngare Nanyuki. Huko Wameru walichunga, walilima, walijenga. Baada ya Vita ya Pili ya Dunia, serikali ya Waingereza ya Tanganyika ilimteua Jaji Mark Wilson kuchunguza ardhi ya kaskazini, na ushauri wake ukawa kwamba ardhi kati ya Meru na Kilimanjaro ipangwe kuwa kipande kimoja cha walowezi. Wameru wa Ngare Nanyuki walitakiwa kuhamia Kingori, mahali pa chini, pa joto, penye malaria. Walikataa. Hawakushika silaha, walikataa tu kuondoka. Tarehe 17 Novemba 1951 uhamisho wa nguvu ulianza. Nyumba zilichomwa, watu wapatao 3,000 wakaondolewa, ili nafasi yao wachukue walowezi 13 wafuge ng'ombe.

Kilichofuata kila mtoto wa shule hapa Arusha anapaswa kukijua vizuri kuliko anavyojua majina ya wafalme wa nchi nyingine. Wameru walichanga fedha zao, wakulima wa kahawa na ndizi, wakamtuma mwenzao Kirilo Japhet hadi Umoja wa Mataifa, New York, pamoja na wakili Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi. Mwaka 1952 Kirilo alisimama mbele ya mataifa akaeleza habari za mashamba namba 31 na 328, ardhi ile waliyoondolewa. Azimio la kuwatetea lilipita katika Kamati ya Nne, lakini katika Baraza Kuu likakosa theluthi mbili. Kwa karatasi walishindwa. Lakini Kirilo aliporudi alizunguka akieleza aliyoyaona, na TANU ilipozaliwa mwaka 1954 ilikuta nchi ambayo tayari ilikuwa imesikia kwamba mtu wa kijijini anaweza kumshitaki gavana mbele ya dunia. Nyerere alikwenda Umoja wa Mataifa mwaka 1955. Njia ilikuwa imeshakanyagwa na mtu wa Meru. Naomba tukumbuke kwamba mtu huyo hakwenda kudai kiti wala cheo. Alikwenda kudai njia ya ng'ombe, malisho na makaburi.

Nami sitaki kupamba. Ardhi ile waliyoipigania ina tatizo lake kubwa, nalo ni maji. Volkano iliyotupa udongo mzuri imetupa pia floridi. Mito na visima vya upande wa mashariki na kaskazini, Ngare Nanyuki na Maji ya Chai miongoni mwake, hubeba floridi nyingi, mahali pengine zaidi ya miligramu 10 kwa lita, na katika maziwa ya Momella inafika mamia. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5. Tanzania kwa miaka mingi ilivumilia miligramu 4, kwa sababu kama ingekaza kamba vijiji vingi vingebaki bila maji halali kabisa; baadaye kiwango chetu nacho kilishushwa hadi 1.5. Floridi haina rangi, harufu wala ladha. Huingia mwilini mwa mtoto wakati meno yake ya kudumu yanajengeka ndani ya ufizi, na meno yakitokeza yanatokeza na madoa ya kahawia ambayo mswaki hauyatoi. Kiwango kikizidi kwa miaka mingi huingia mifupani, na wapo watoto waliopinda miguu. Magadi tunayotia kwenye maharage na kwenye loshoro, chakula chetu cha mahindi na maziwa mgando, yanaongeza mzigo huo, kwa kuwa nayo yametoka katika ardhi hiyo hiyo.

Mnajua wenyewe maana ya meno hayo. Kijana akienda Dar es Salaam kutafuta kazi, kabla hajajieleza ametambuliwa kwao. Wasichana hujifunza kucheka wameziba mdomo. Nimewaona wanafunzi hodari wakikataa kusimama mbele ya darasa, na haikuwa kwa kutojua jibu. Na huko huko kaskazini-mashariki ndiko iliko shule ya sekondari ya Kisimiri, iliyoshika nafasi ya kwanza kitaifa katika mtihani wa kidato cha sita mwaka 2016. Anayedhani kijiji cha mlimani ni kidogo na ayatazame matokeo hayo.

Dawa ya floridi ipo ya namna mbili. Ya kwanza ni kuchuja. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimefanya kazi kwa miaka mingi na chengachenga za mifupa ya ng'ombe iliyochomwa, ambazo hunasa floridi maji yanapopita. Kichujio kinafanya kazi, lakini chengachenga huchoka na lazima zibadilishwe, na nyumba isiyo na utaratibu huo inarudi ilikotoka. Ya pili ni ile ile ya babu zetu: fuata maji juu. Chemchemi zinazotoka msituni upande wa kusini zina floridi kidogo zaidi, na bomba linaloshuka kwa mteremko halihitaji umeme. Mteremko ndio mtambo. Lakini bomba refu lazima lipite katika vijiji, na kijiji cha juu kinauliza swali la haki kabisa: maji yanatoka kwetu, yanapita mlangoni kwetu, yanakwenda mjini na kwa wenye mashamba ya maua, nasi tunabaki na nini? Swali hilo halijajibiwa sawasawa. Mji wa Arusha, uliohesabiwa watu 416,442 mwaka 2012 na 617,631 mwaka 2022, unakunywa mlima. Wanaoutunza mlima huo wapo juu, nao hawapati malipo wala shukrani.

Kuutunza mlima huo kuna sheria yake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu au zinazoweza kudhuru mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Nia yake ni njema na ninaiunga mkono. Lakini chukueni mita 60 kutoka korongo la kulia na mita 60 kutoka korongo la kushoto, mziweke juu ya mgongo mwembamba wa Meru. Kijiji kimekwisha. Sheria imeandikwa kwa ajili ya mto wa tambarare. Kwa sababu haiwezekani kufuatwa ilivyo, haifuatwi kabisa, na aliyefyeka hadi majini akapanda nyanya na kupulizia dawa anajificha nyuma ya jirani mwenye migomba na majani yanayoshika udongo. Watu hawa wawili hawafanani, na mkaguzi mwenye macho anaona. Naamini halmashauri zetu zingeweza kutunga sheria ndogo zinazopima mwinuko na aina ya mmea, na zikaheshimiwa, kwa kuwa wazee wa mfereji wangezilinda kana kwamba ni zao.

Nimefika kwenye mstari wa mwisho, ambao hakuna Mjerumani wala Mwingereza wa kumlaumu. Ardhi ya mteremko sasa inauzwa kwa hatua. Hatua 20 kwa 20, hatua 30 kwa 20. Dalali anatembea, mnunuzi anahesabu, mwenyekiti wa kitongoji anagonga muhuri. Tangu barabara ya njia nne kutoka Sakina hadi Tengeru ikamilike, bei imepanda juu pamoja na magari. Baba mwenye wana watano na kihamba cha ekari moja hawezi kugawa tena. Anauza kipande kusomesha, na simlaumu. Mnunuzi anajenga ukuta, naye simlaumu kwa kutaka usalama. Lakini ukuta huo unalala katikati ya mteremko, na mfereji uliokuwa ukipita hapo unakufa. Njia ya miguu aliyopita mama na majani yake inazungushwa mpaka kwenye barabara ya magari. Shamba la tambarare nalo limeshakuwa viwanja, mabua hayapatikani ila kwa kununua kutoka mbali, na ng'ombe wa juu wanapunguzwa mmoja mmoja. Maji ya mvua yaliyokuwa yakinywewa na migomba yanateleza juu ya bati na saruji, yanashuka mjini kwa kishindo, tunalalamikia mafuriko.

Kijiji hakiuawi na ujenzi. Kimejenga siku zote. Kinauawa na kukatwa njia zake za kupanda na kushuka, na njia hizo hazina hati. Kiwanja kina hati, msitu una tangazo la serikali, hifadhi ya taifa ina mipaka yake. Mfereji na njia ya miguu vinaishi katika vichwa vya wazee, na wazee wanaondoka.

Kwa hiyo ninayo maombi, na nayatoa kwenu kwa kuwa humu ndani wamo wanaoweza kuyatekeleza. Ndugu zetu wa ardhi na mipango miji: mnapoandaa mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji chochote cha wilaya ya Arumeru, pandeni na wazee wa mfereji kabla ya kuweka jiwe la kwanza, mchore kila mfereji ulio hai na kila njia ya miguu, mviandike kuwa ni mali ya umma isiyojengwa wala kuuzwa. Mamlaka zinazouza maji mjini: tengeni sehemu ya kila uniti irudi kwenye kijiji kilicho juu ya chemchemi, kwa njia ya wazi, isomwe kwenye mkutano wa kijiji. Wazazi: mnapogawa kihamba, mwiteni na binti. Na wewe uliyekuja mjini jana na fedha yako halali, unayetafuta kiwanja chenye hewa nzuri kule juu, karibu sana; ila kabla hujalipa hatua ya kwanza, mwulize mzee wa hapo mfereji unapita wapi, na ukijenga ukuta uuachie nafasi.